Walinipimia shamba kwa macho, mtoto wa darasa la sita akalipima upya

Nimekaa na hasira hii tangu masika yaliyopita, leo naitoa.

Mimi ni mkulima wa Lushoto. Shamba langu liko kwenye mteremko mkali, maharage juu, karoti na kabichi huku chini. Ulikuja mradi wa hifadhi ya ardhi, jina silitaji, wenye kazi mbili: kuwasaidia wenye mashamba kupima na kuchimba matuta, na kufundisha mazingira kwenye shule yetu ya msingi. Nilijiandikisha siku ya kwanza, na kwa mtu wa Usambara hilo si jambo dogo. Wazee wetu matuta waliyajua kama adhabu. Kule Mlalo kuanzia 1946 serikali ya Mwingereza iliwachimbisha watu kwa amri, na marehemu bibi mpaka anakufa hakupenda kulisikia neno lenyewe. SECAP, mradi wa Wajerumani ulioanza 1981, ndio uliokuja na majani na miche badala ya amri, na ng'ombe wangu bado wanakula majani ya guatemala aliyoyapanda baba enzi hizo. Kwa hiyo asije mtu akasema napinga wataalamu.

Siku ya kupima tulimngoja bwana shamba wao tangu saa mbili asubuhi. Akafika saa nane na nusu, na viatu vya ofisini, akagoma kushuka. Alisimama kule juu karibu na njia, akanyoosha mkono, akamwelekeza kijana wake achomeke vijiti: pale, sogea, hapo hapo. Hana kamba, hana pima maji, hana chochote. Nikamuuliza kwa heshima, "Samahani bwana shamba, kipimo hamtumii?" Akanijibu mbele ya vibarua wangu: "Mama, kazi yako wewe ni jembe. Hesabu tuachie sisi."

Nina wajukuu wanne. Sijawahi kujibiwa hivyo kwenye ardhi yangu. Kisha akanipa karatasi nisaini kwamba nimehudumiwa, akapiga picha, huyo akaenda zake.

Nikachimba. Fanya juu, mtaro wa futi mbili kwenda chini, udongo unatupwa upande wa juu, vibarua wanne siku tisa, hela yote ya karoti. Mvua kubwa ya kwanza ilipiga usiku. Asubuhi mstari wa tatu ulikuwa umepasuka katikati. Mtaro usiokaa sawa ni afadhali usiwepo kabisa, kwa sababu maji yote ya mteremko yanakimbilia pale palipoinama, yanajaa, halafu yanatoka kwa mpigo mmoja. Yalinikatia korongo la kufika kiunoni, yakazoa kabichi zote na udongo niliokuwa naulisha samadi miaka sita. Nilisimama pale khanga imelowa chapachapa, sikuwa na la kusema. Nilipompigia simu akasema mvua ilikuwa kubwa mno. Mara ya pili hakupokea.

Hadi hapo hukumu yangu ilikuwa moja: wakija kwako, wafungie mlango.

Lakini mjukuu wangu yuko darasa la sita, na yuko kwenye klabu ya mazingira ya mradi huohuo. Jumamosi moja alikuja shambani na miti mitatu, akaifunga kwa kamba ya katani iwe kama herufi A, akaning'iniza jiwe kutoka kileleni. Akaisimamisha, akaweka alama pale uzi ulipogusa mti wa katikati. Akageuza miguu, wa kushoto ukakaa pale uliposimama wa kulia, akaweka alama ya pili pale uzi ulipogusa. "Bibi, katikati ya alama hizi mbili ndipo penye usawa." Halafu akaanza kutembea na ile A kutoka kijiti cha kwanza cha yule bwana, mguu mmoja baada ya mwingine, akingoja jiwe litulie kila mara. Alipofika katikati ya shamba, kijiti chake na kijiti cha mtaalamu vilikuwa vimeachana hatua mbili nzima. Palepale palipopasuka.

Nikamuuliza nani kamfundisha. Kumbe ni dada wa mradi anayefika shuleni kila Alhamisi kwa miguu, huyohuyo ambaye akipita kwangu hakosi kuamkia. Sasa niseme nini? Mradi ni uleule, na gari lenye yule bwana lina nembo ileile. Nikisema ni wabaya, namdhulumu yule dada. Nikisema ni wazuri, korongo langu liko pale.

Mvua za vuli zimepita, na mstari tulioupima upya umesimama, guatemala imeshika. Kwa hiyo ukiulizwa upande wa shule, mpeleke mtoto leo. Upande wa mashamba, usikubali jembe ligonge kabla hujaona kipimo kimeshuka mpaka mstari wa mwisho, na karatasi usisaini siku ileile. Nilitaka kuandika kwamba nimewasamehe. Sijawasamehe. Nataka waje walione lile korongo, na yule bwana aniombe radhi mbele ya vibarua walewale wanne.