Nukta au mkato kwenye desimali?

Marekani, Uingereza na China huandika 1,234.56: mkato hutenga maelfu, nukta hutenga desimali. Ujerumani, Brazili na Indonesia hugeuza: 1.234,56. Hapo bado unaelewa, maana alama zote mbili zipo. Balaa ni 1.234 ikiwa peke yake. Mmarekani anasoma moja na ushee; Mjerumani anasoma elfu moja mia mbili thelathini na nne. Ukiibandika kwenye jedwali la kompyuta, programu hufuata mpangilio wa nchi uliowekwa, wala haikuulizi.

Mwaka 2003 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo, chombo cha kimataifa cha kusimamia vipimo, uliruhusu alama zote mbili kwa desimali, ila makundi ya tarakimu tatutatu yatengwe kwa nafasi tupu: 1 234,56. Kwangu, hiyo ndiyo salama zaidi. Waswisi wao huchomeka kialama cha juu: 1'234.56.