TAHADHARI: Injini ya lori la zamani "iliyosukwa upya" ambayo imepakwa rangi tu

Mnaofufua malori ya zamani nyumbani, iwe Bedford, Leyland, Fiat au Mercedes ya pua, tangazo hili mtakutana nalo mapema. Injini imekaa juu ya stendi, rangi mpya inang'aa, maelezo ni "imesukwa upya, haijatembea" (yaani imefunguliwa yote na sehemu zilizochakaa zimerekebishwa), na picha zote zimepigwa upande mmoja. Ukimpigia muuzaji, anataka nusu ya pesa leo hii kwa sababu kuna mteja mwingine yuko njiani. Msitume hata senti. Injini ya namna hii huwa imeoshwa kwa dizeli, ikapigwa rangi, ikatiwa oili nzito, basi. Muuzaji anajua kwamba spea za lori la miaka hamsini ni adimu na kwamba mnunuzi amezitafuta hadi amechoka. Uchovu huo ndio mtaji wake.

Swali la kwanza la kumuuliza ni vipimo. Injini iliyosukwa kweli ina karatasi kutoka kwa mchongaji, fundi wa mashine za kuchonga chuma: kranki (mhimili unaozungushwa na piston) imechongwa kwa kiasi gani, silinda zimechongwa au zimetiwa laina mpya (mirija ya chuma ya ndani ya silinda), piston ni za saizi gani, uso wa silinda hedi umesawazishwa au la. Anayejibu "kila kitu ni kipya" bila namba moja hana cha kuuza. Anayesema karatasi zimepotea, mwambie ashushe sampu, lile beseni la oili chini ya injini, mbele yako. Akikataa kwa maelezo kwamba "ukifungua dhamana inakufa", ondoka.

Kabla ya sampu, angalia vitu viwili vya nje. Kwangua kwa kucha ukingo wa gasketi ya sampu na wa kifuniko cha valvu. Gasketi mpya bado ni laini; ya zamani imekauka, nyeusi, na rangi imeifunika pamoja na uchafu wake. Kisha tazama zile plagi za bati zinazoziba matundu ya maji ubavuni mwa bloku. Anayesuka injini vizuri huzing'oa, kwa sababu tope la kutu nyuma yake haliwezi kusafishwa bila kuzitoa. Ukiona kutu inachungulia chini ya rangi mpya, njia za maji ndani ya bloku hazijaguswa.

Sampu ikishuka, ukweli uko kwenye beringi za kranki. Fungua kofia ya konrodi moja (mkono unaounganisha piston na kranki), toa ganda la chini la beringi, lifute, uligeuze mgongo. Pale nyuma pamegongwa saizi: STD maana yake kranki ni ya kiwandani, 0.25, 0.50 au 0.75 ni milimita zilizochongwa. Kwa injini za inchi utaona 010, 020 au 030 (sehemu za elfu za inchi), na 010 ni sawa na milimita 0.254. Muuzaji akisema kranki imechongwa na ganda linasema STD, mmoja wao anadanganya, na ganda halina sababu ya kudanganya. Kibaya zaidi ni kranki iliyochongwa kweli kisha ikafungwa beringi za STD zilizokuwepo. Kwa jino la kranki (sehemu ya duara inayozunguka ndani ya beringi) la milimita 75, pengo la oili ni karibu milimita 0.05 hadi 0.10. Ongeza 0.25 iliyochongwa, na pengo linazidi mara tatu. Injini itawaka, na ikiwa baridi itasikika vizuri, lakini ikipata moto presha ya oili inaanguka, konrodi zinaanza kugonga, na usipoizima mara moja, konrodi inatoboa bloku.

Uso wa ndani wa ganda nao unasema. Jipya lina kijivu kisichong'aa, sawa kila mahali. Ukiona rangi ya shaba imejitokeza katikati, tabaka la juu limeisha. Usiridhike na kofia moja, hasa ya mbele: kubadili beringi moja iliyo karibu ni kazi ndogo, na muuzaji anajua utafungua ipi. Chagua wewe, konrodi moja ya katikati na beringi kubwa moja (zile zinazoishika kranki kwenye bloku). Weka alama kabla ya kufungua, maana kila kofia ilichongwa pamoja na konrodi yake. Ukizichanganya au ukazigeuza, tundu haliwi duara tena.

Ukiwa hapo chini pitisha ukucha kwenye kona ya jino la kranki, pale linapokutana na shavu, ukuta wa pembeni yake. Lazima kuwe na mviringo laini. Mchongaji mzembe huacha kona kali, na kranki hupasuka hapohapo, mara nyingi baada ya lori kuanza kubeba mzigo.

Juu, hedi ikifunguliwa, soma namba kwenye kichwa cha piston. Mfano mzuri ni OM352, injini ya dizeli ya malori ya Mercedes, kwa kuwa imesambaa duniani: silinda ya kiwandani ni milimita 97, mwendo wa piston 128, jumla sentimita za ujazo 5,675. Kukuta 97.50 juu ya piston ni dalili kwamba silinda zilichongwa nusu milimita. Kukuta piston ya 97 ndani ya silinda ambayo muuzaji anasema "imechongwa" ni jibu tosha. Kwa injini zenye laina zinazozungukwa na maji, jambo la kuogopa ni vishimo upande wa nje wa laina. Laina hutetemeka, viputo hupasuka kwenye maji na kula chuma taratibu hadi kitoboke, kisha maji yanaingia kwenye oili. Vishimo hivyo havionekani bila kuivuta laina. Wapo wanaomwaga unga wa kuziba kwenye mfumo wa maji ili injini ipite siku ya majaribio. Masalia yake utayaona kama tope la kahawia au chembe zinazometa mdomoni mwa bomba la maji.

Video ya injini ikinguruma si ushahidi. Huwa imeshapashwa moto pembeni, na oili nzito inaficha mgongano. Kama lazima ukubali video, iwe moja isiyokatwa: mkono juu ya bloku kuonyesha ni baridi, kuwasha, kisha nusu saa ya kunguruma huku geji ya presha inaonekana. Mafundi wengi hutumia kipimo cha presha ya oili ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika injini ikiwa moto. Afungue kifuniko cha kujazia oili: moshi unaotoka kwa mapigo, kwa nguvu, ni ringi au silinda zilizokwisha. Ukienda mwenyewe, pima kompresheni ya kila silinda kwa geji ya dizeli, maana ya petroli haifiki huko. Silinda zisipishane zaidi ya takriban asilimia 10. Angalia pia lakiri (muhuri wa kuzuia kuchezewa) kwenye skrubu za pampu ya dizeli. Ikiwa imekatwa, huenda dizeli imeongezwa ili injini iliyochoka ionekane ina nguvu. Moshi utakuwa mweusi, na baadaye piston zitaungua.

Wauzaji hao hao mara nyingi wana rimu za vipande, zile zenye ringi ya kufungia, na hapa hasara inaweza kuwa roho ya mtu. Rimu iliyopasuka huchomelewa, husagwa na kupakwa rangi ya fedha. Ringi ya aina moja hulazimishwa kwenye rimu ya aina nyingine kwa kuwa inaelekea kukaa. Siku tairi linajazwa, ringi inaruka kwa nguvu inayoua papo hapo. Kanuni ya usalama kazini ya Marekani, namba 1910.177, inakataza kabisa kuchomelea sehemu za rimu zilizopasuka, na inataka tairi la rimu ya vipande lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma. Kagua rimu ikiwa imekwanguliwa rangi, linganisha chapa na alama kwenye kila kipande, na ukiona mstari wa uchomeleaji au ufa, ikate iwe chuma chakavu ili isiuzwe tena. Jaza ndani ya kizimba, kwa bomba refu lenye kishikio cha kubana kwenye valvu, ukiwa umesimama pembeni.

Tairi "mpya za stoo" zilizopakwa dawa nyeusi zisomwe tarehe: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka, 2318 ikiwa wiki ya 23 ya 2018. Zikiwa tarakimu tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000. Silinda za breki zilizong'arishwa kwa msasa nje, zifungue ndani. Vishimo vya kutu vitakula mpira mpya kwa muda mfupi.

Kwa aliyekwisha kulipa na injini imefika: usiiwashe kwanza. Piga picha namba ya bloku, lakiri na plagi ya sampu kabla ya kugusa spana. Mwaga oili kwenye beseni safi, kata filta na ulikunjue karatasi lake. Vipande vinavyometa kama shaba ni vya beringi. Shusha sampu, panga maganda kwa mpangilio yalivyotoka, pima kranki kwa maikromita katika pande mbili za kila jino, na uandike kila namba. Karatasi hiyo ndiyo utakayomwekea muuzaji, polisi au hakimu mezani. Injini ikishawashwa na kugonga, atasema umeiua wewe.