Mizabibu ya Sofia au mvua ya Clara?

Nalinganisha filamu mbili za mapenzi: zote ni za Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala nchini India, zimeongozwa na Padmarajan, na mwigizaji Mohanlal ndiye mpenzi.

Katika Namukku Parkkan Munthiri Thoppukal (1986), ambayo jina lake linataja mashamba ya mizabibu, Solomon (Mohanlal) anamfunulia Sofia moyo wake kwa aya za Wimbo Ulio Bora wa Biblia. Baba wa kambo anambaka binti huyo, na hapo ndipo filamu inaponishika: Solomon harudi nyuma. Anakuja na lori lake la tangi kumchukua. Mwaka 1986, sinema ngapi zilimpa mwanamke aliyedhulumiwa heshima hiyo?

Thoovanathumbikal (1987) ina picha nzuri zaidi. Jayakrishnan (Mohanlal tena) yuko kati ya wanawake wawili, Radha na Clara, na Clara anapoingia, mvua ya Kerala hunyesha. Ila mimi nampenda zaidi Solomon.