Rangi ya kununua kwa trekta la zamani: ipi iwe ya kwanza, ipi uiache dukani

Trekta la baba mdogo ni Massey Ferguson 135, lile dogo lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Aina hiyo ilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964, ikaendelea mpaka katikati ya miaka ya 1970, na huku kwetu Babati bado utayakuta yanalima na kuvuta tela la mahindi. Injini ya hili letu haijatusumbua sana. Kilichokuwa kinamuuma baba mdogo ni sura yake: boneti imepauka kama tofali lililokaa mvuani, madigadi yameliwa na kutu kwenye mikunjo, na ubavuni kuna bati lililopakwa rangi ya milango na mtu aliyetaka kuficha kutu tu.

Mara ya kwanza tulimpa fundi mmoja. Akafuta vumbi, akapuliza rangi ya NC (nitroselulosi), ile inayokauka kwa dakika chache, moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta iliyokuwepo. Nilikuwa nimesimama pale pale. Hazikupita dakika kumi, boneti ikaanza kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, vikunjo vidogovidogo kuanzia mbele kwenye rejeta kurudi nyuma mpaka usukani. Thina kali ya NC ilikuwa imepenya rangi ya zamani na kuinyanyua. Ikabidi tukwangue yote mpaka bati. Hela ya rangi ikapotea, na siku nne za kazi zikapotea nayo.

Tangu hapo nimelipaka upya hilo la baba mdogo, pawatila (trekta dogo la kushika kwa mikono) mbili za majirani na tela moja, zote nyumbani chini ya banda. Kwa hiyo mpangilio nitakaoutoa ni wa mtu anayefanya kazi nyumbani, kwa brashi au kompresa ndogo ya kuazima, na ambaye trekta lake litarudi shambani kukwaruzwa na miiba na kumwagikiwa dizeli. Angekuwa anataka trekta la kuweka kwenye maonyesho ya Nane Nane, ningepanga tofauti.

Kabla ya rangi, praima

Ukiingia dukani na bajeti ndogo, muuzaji atakuelekeza kwenye rangi ya juu. "Kaka, chukua hii, inang'aa kama gari jipya." Mimi nakuomba uanze upande mwingine wa kaunta. Rangi ya juu inapendeza macho, lakini kinachozuia kutu kurudi ni kilicho chini yake. Hela ikipungua, ipunguze kwenye rangi ya juu, usiipunguze kwenye praima, yaani ile rangi ya kwanza inayoshika chuma.

Bora kuliko zote ni praima ya epoksi ya makopo mawili, rangi na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Inashika chuma kwa nguvu, haipitishi maji kirahisi, na ukiipaka leo ukakosa nafasi ya kuendelea, chuma chako kiko salama. Rangi yoyote utakayoichagua baadaye itakaa juu yake bila ugomvi, ili mradi ufuate muda ulioandikwa kwenye kopo. Ni ghali, na ukishachanganya huna budi kuimaliza siku hiyo hiyo. Kwa boneti na madigadi, mahali ambapo bati ni jembamba na kutu ikitoboa hakuna wa kulirudisha, naona ni hela iliyotumika vizuri.

Inayofuata ni ile nyekundu ya udongo ambayo kila fundi chuma anaijua, redi oksaidi. Bei yake inabebeka, inapatikana hata kwenye maduka ya vijijini, inapakwa kwa brashi. Kwa chesisi, gia boksi na rimu inatosha kabisa. Ila ina jambo moja ambalo limeharibu matrekta mengi: inanyonya unyevu. Mtu analipaka trekta lote redi oksaidi mwezi wa tatu, hela inaisha, anasema nitamalizia baada ya mavuno. Masika inanyesha juu yake miezi mitatu. Kufikia mwezi wa saba kutu imeshaanza chini ya ile praima, na kwa macho huoni kitu mpaka uparuze kwa kisu. Kama huna hela ya rangi ya juu leo, usifungue kopo la redi oksaidi leo.

Kuna pia praima ya asidi, nyembamba kama maji, ya kushikisha rangi kwenye aluminiamu na bati la mabati lililo safi. Nunua kopo dogo tu ikiwa una sehemu hizo. Usipige puti, ile ya kujazia mabonde, juu yake.

Daraja la kwanza: rangi ya mafuta ya magari na mashine

Hii ndiyo chaguo langu, na nalisema nikijua kwamba mafundi wa mjini wataniona wa zamani. Inapakwa kwa brashi au kupulizwa. Inasamehe: ukipitisha brashi vibaya, yenyewe inajilaza kabla ya kukauka. Inafunika vizuri kwa mikono miwili, yaani kupakwa mara mbili, au mitatu kama ni nyekundu. Na kubwa kuliko yote, inarekebishika. Trekta likikwaruzwa na mgunga mwezi wa kumi na mbili, unapiga msasa pale palipokwaruzwa, unagusa kwa brashi, unaendelea na kulima. Hakuna rangi nyingine katika orodha hii inayokuruhusu kufanya hivyo jioni moja, ukiwa peke yako, bila mashine.

Udhaifu wake ni huu. Inakauka taratibu. Ukiigusa kesho yake utadhani imekomaa, kumbe ndani bado laini, na inahitaji wiki kadhaa kukaza sawasawa. Katika muda huo usiioshe kwa dizeli. Nyekundu yake nayo hupauka juani kuelekea waridi kuliko rangi ya tupaki (ile ya kuchanganywa na hadina), hivyo trekta linalolala nje litahitaji mkono mwingine baada ya miaka michache. Likilala bandani, linakaa.

Usikubali kuuziwa rangi ya milango ukiambiwa ni ile ile. Kweli zote ni za mafuta, lakini ya milango hubaki laini zaidi, na kwenye injini yenye joto na grisi huchakaa mapema. Na thina ya kupunguzia uzito wa rangi nunua ile iliyotajwa kwenye kopo, mara nyingi ni tapentaini. Mafuta ya taa ndiyo yanayotumika sana vijijini kwa sababu yapo jikoni. Yanaifanya rangi isikauke vizuri na ipoteze mng'ao, na nimeyaona yakiharibu galoni nzima ya rangi nzuri.

Daraja la pili: tupaki

Kwa ubora wa rangi yenyewe, tupaki iko juu ya zote. Unachanganya rangi na hadina, inakomaa kwa kuungana na hadina badala ya kusubiri hewa, na matokeo yake ni ganda gumu ambalo dizeli na grisi haviligusi. Nyekundu inabaki nyekundu. Ningeipa daraja la kwanza kama isingekuwa kitu kimoja, na kitu hicho ni kikubwa.

Hadina nyingi za tupaki zina kemikali ziitwazo isosaianeti. Ukipuliza, zinaelea hewani kama ukungu usioonekana vizuri, na pua haikupi onyo la kutosha. Zinaweza kumpa mtu pumu ambayo haiishi, pumu ambayo baadaye inaamshwa na kiasi kidogo sana cha kemikali hiyo hiyo. Kitambaa puani hakisaidii chochote. Maski ya vumbi haisaidii. Mafundi wenye vifaa kamili hutumia maski inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Sasa fikiria nyumbani kwako: banda liko hatua kumi kutoka jikoni, watoto wanatoka shule na wanataka kuona trekta la babu linavyopakwa. Mimi siipulizi nyumbani, na naomba na wewe usiipulize.

Njia ninayoipendekeza kwa anayeitaka kweli ni kugawa kazi. Fungua boneti, madigadi na vibati vya ubavuni, vipakie kwenye tela, vipeleke kwa fundi mwenye chumba cha kupulizia na maski inayofaa. Chesisi na injini vibaki nyumbani upake kwa brashi. Vitu vinavyoonekana vinapata mng'ao wa tupaki, na hakuna aliyevuta sumu nyumbani kwako.

Ukinunua, nunua hadina kwenye kopo lake lililofungwa kiwandani. Madukani kuna mtindo wa kupima hadina kwenye chupa ya soda. Hadina inaharibiwa na unyevu wa hewa, na iliyofunguliwafunguliwa ikaanza kuwa na ukungu au chembechembe haifai tena. Rangi haitakauka, au itakauka laini kama mpira, na lawama utaitupia rangi.

Daraja la tatu: NC

Nimeshaeleza ilivyotufanyia. Sitaki kuionea, kwa sababu kosa halikuwa lake: juu ya bati tupu lenye praima yake inakaa vizuri, na kukauka kwake haraka ni faida kubwa mahali penye vumbi kama huku kwetu miezi ya upepo. Lakini ni nyembamba, inataka mikono mingi na kung'arishwa mwishoni, na tone la petroli linaiacha na doa. Kwa trekta la kazi sioni sababu.

Makopo ya kupuliza kwa kidole

Kwa fremu ya taa, kifuniko cha betri, vibati vidogo, sawa. Kwa trekta zima utamaliza makopo mengi na utakuwa umetoa hela kuliko aliyenunua galoni.

Rangi za maji za ukutani ziache hapo zilipo.

Bomba la moshi ni kesi yake

Injini yenyewe, yaani bloku, haizidi sana joto la maji yanayochemka, na rangi ya mafuta inalivumilia. Bomba la moshi na pale linapotokea kwenye injini ni moto wa mamia ya nyuzi. Hapo nunua kopo dogo la rangi ya kuhimili joto, iliyoandikwa nyuzi 600 au zaidi, au paache pabaki chuma. Rangi ya kawaida itaungua siku ya kwanza, itoe moshi wenye harufu kali na kubanduka yote.

Kiasi cha kununua, na vitu vya pembeni

Makopo huku huuzwa lita moja, galoni ya lita nne na ndoo ya lita ishirini. Kwa Massey 135 mimi nilitumia galoni moja ya praima, lita tatu za nyekundu na karibu galoni nzima ya kijivu cha chini. Pawatila inakwenda na lita moja ya kila rangi na ikabaki. Nunua rangi yote ya juu siku moja na uangalie namba ya toleo chini ya makopo iwe moja, kwa sababu nyekundu ya mwezi huu na ya mwezi ujao haziwi pacha kila mara.

Usiseme tu "nyekundu ya Massey". Wekundu wake umebadilika kulingana na miaka. Sisi tulifungua kile kibati chenye jina la trekta ubavuni, na chini yake tukakuta kipande cha rangi ambacho jua halijakiona tangu kiwandani: nyekundu nzito, yenye kina, tofauti kabisa na ile tuliyoizoea. Baba mdogo alikishika akakitazama muda mrefu bila kusema. Tukakibeba kibati chenyewe hadi dukani, wakachanganya rangi kwa kukifuata.

Kwenye kikapu ongeza msasa wa maji namba 80, 240 na 400, brashi ya waya, utepe wa karatasi wenye gundi wa kufunikia pasipopakwa, na chujio la maji la kufunga kwenye mpira wa kompresa. Bila chujio hilo maji na oili vya kompresa vinaingia kwenye rangi na kuiachia vishimo kama vya ndui.

Grisi itoe kwa dizeli na brashi, kisha osha kwa maji moto na sabuni ya unga mpaka maji yasitengeneze vidonge juu ya chuma. Magadi makali ya kostiki yanakata grisi haraka lakini yanakula aluminiamu na kuchoma ngozi na macho. Usimruhusu mtu apulize mchanga karibu na injini, maana chembe zikipita kwenye sili utafungua gia boksi kabla ya msimu. Na rangi ya zamani ipige msasa ukiwa na maji, si mkavu. Nyekundu na njano nyingi za miaka ile zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Tandika turubai chini, kusanya vikwangulio vyote, na kazi hii isifanyike karibu na bustani ya mboga wala kisima.

Stika za jina na namba nunua mwisho, ubandike baada ya mwezi, rangi ikishakaza. Zetu zilikaa kabatini wiki tano, na baba mdogo alizibandika mwenyewe kwa maji ya sabuni na kadi ya simu ya zamani, akisukuma mapovu taratibu kutoka katikati kwenda pembeni.