Fremu safi, kibandiko ovyo: duka la picha za zamani Mji wa Kale

Kwa fremu nawapa nyota tano. Kwa maelezo wanayobandika nyuma ya picha nawapa moja, na hiyo ni ya mwandiko mzuri.

Duka liko kichochoroni, si mbali na Fort Jesus. Wanauza nakala za picha za rangi za maji: majahazi, milango ya nakshi, wanawake wa pwani. Nilichukua ya mwanamke aliyekaa juu ya kigoda, shilingi 3,500 na fremu yake, baada ya kuvutana kidogo.

Kibandiko kinasema: “Mtumwa wa Mombasa, 1840.” Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya leso Biashara Street, kwa hiyo nilitazama nguo kabla ya uso. Kajifunga leso moja kifuani, nyingine kajitanda. Mchoraji hakulipua: pindo limezunguka pande zote nne, mji, ile sehemu ya katikati ya leso, una madoa meupe, na pale panapokaa jina la leso, yaani msemo wake, brashi imepitisha mikwaruzo myeusi iliyopindapinda. Haisomeki, lakini ni herufi za Kiarabu, huoni kingine. Sasa 1840 imetoka wapi? Leso za namna hii zilianza nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake walipokuwa wakinunua vitambaa vya leso ndogo za mkononi vikiwa bado havijakatwa, wakashona sita pamoja, tatu juu ya tatu. Majina yalikuja baadaye, karne ya 20 ikiwa imeshaingia.

Na huo utumwa? Kijana wa dukani akaniambia, “Mama, si unaona hana viatu?” Mwanangu, kwani ndani ya nyumba nani huvaa viatu? Mtumwa alivikwa merikani, kitambaa kisichotiwa rangi, au kaniki, kitambaa cheusi kisicho na nakshi. Leso ya rangi ilipendwa sana na wanawake waliotaka waonekane huru, na pwani yetu utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Tena huyu ana majasi masikioni, kipini puani, na mitali ya fedha ambayo mchoraji ameiacha karatasi tupu ili ing'ae. Sisemi alikuwa tajiri. Mchoraji aweza kumpamba mtu kwa vya kuazima, picha inoge. Lakini hawezi kuazima leso ambayo haijachapwa.

Nilipombana, kijana alikiri kwamba picha zenye neno “mtumwa” wageni huzinunua upesi. Angalau hakunidanganya mara mbili.

Fundi wa fremu ni mtu mwingine kabisa, mzee mpole anayejua kazi. Kioo hakigusi picha. Ametia kadi nene pembeni kuacha nafasi, maana kwa unyevu wa Mombasa karatasi ikigusa kioo huota koga na kunata. Nyuma ameziba kote, mdudu hapenyi. Akanionya nisiitundike panapopigwa na jua, nyekundu ndiyo hutangulia kupauka. Kona za mbao nimezipitisha kidole, hata ufa wa kuingiza ukucha hamna.

Ukienda, mtafute mzee mwenyewe. Asubuhi yupo, Ijumaa usiende mchana. Lipa ukishakagua kona. Kibandiko mwambie kijana abaki nacho. Mimi alinipunguzia mia mbili.