NPK 10-20-10 kwenye mahindi: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Shamba letu liko njia ya Kipushi, udongo mwekundu mtupu, na mbolea hii yenye naitrojeni (N), fosforasi (P) na potasiamu (K) ndiyo ninayopandia mahindi. Ni ile ile inayoingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa kwa jina la Compound D. Naipendekeza, ila usiiachie kazi yote.

Someni namba kabla ya kulipa. Mfuko wa kilo 50 una kilo 5 tu za naitrojeni. Fosforasi, inavyohesabiwa kwenye mfuko, ni kilo 10, na potasiamu 5. Kwa hiyo ni mbolea ya kupandia, ya kusukuma mizizi. Mahindi yakifika magotini yanataka urea, ambayo mfuko wake una kilo 23 za naitrojeni. Urea ifukieni siku ile ile; ikiachwa juu, sehemu yake hugeuka hewa ikapotea.

Mimi napima kwa kifuniko cha soda, kimoja kila shimo, natia udongo kidogo ndipo mbegu ifuate. Punje zikigusa mbegu zinaiunguza.

Matokeo? Mistari iliyopata mbolea iliota kwa nguvu, shina nene, majani ya kijani kweli kweli. Mistari isiyopata ilikuwa na majani yenye kingo za zambarau, dalili ya njaa ya fosforasi. Lakini kule bondeni zambarau ilitokea hata penye mbolea! Udongo wetu una asidi, na chuma na aluminiamu iliyomo huishika fosforasi mizizi isiipate. Unalipia chakula, udongo unakifungia.

Mahindi mazuri kuliko yote yalikuwa pale tulipovunja kichuguu kikubwa cha mchwa na kutawanya udongo wake kabla ya kupanda. Udongo wa vichuguu vyetu una kalsiamu nyingi na asidi kidogo, wazee walivilimia tangu zamani. Asiye na kichuguu atafute chokaa ya shamba ya kupunguza asidi, na samadi asiidharau.

Lalamiko langu ni kwa wanaouza kwa kopo sokoni. Niliuziwa mbolea iliyokaa wazi masika, imeshikamana mabonge, kuigawa kwenye mashimo ikawa taabu. Nunueni mfuko ulioshonwa, hata kama ni kuchangiana na jirani. Msimu huu pesa yangu inaanzia kwenye chokaa, na NPK nitanunua kwa itakayobaki.