ScotlandsPeople: babu akigoma kwa jina, mfuate kwa nyumba aliyokaa

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asihangaike. ScotlandsPeople, ile tovuti ya kumbukumbu za Uskoti inayoendeshwa na National Records of Scotland, naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya hela, siyo kwa ajili ya kazi. Kazi yake safi. Ila kuna watu wanaingia, wanaandika jina, wanabonyeza, jina halitoki, wanaondoka wakisema hamna kitu mle, na hao ndo hasa nawaandikia.

Malipo kwanza maana ndo swali la kila mtu. Kufungua akaunti bure, kutafuta kwenye faharasa, yaani orodha ya majina, bure, unachonunua ni picha ya ukurasa wenyewe. Nilivyokuwa natumia mimi walikuwa wanauza krediti 30 kwa pauni 7.50, na ukurasa mmoja wa sensa au cheti cha zamani unakula krediti 6, yaani pauni moja na nusu, uwe wa babu yako au wa babu wa mwenzio waliofanana majina. Hapo ndo pesa inapoyeyukia, kwa sababu Uskoti ya enzi hizo majina yalikuwa yale yale, John, James, William, Margaret, sasa kama wako ni James Wilson wa Glasgow basi pole sana. Kizuri ni kwamba picha ukishailipia inabaki kwenye akaunti yako, unairudia hata usiku wa manane bila kulipa tena.

Mi nilikuwa namtafutia mama mkwe. Babu wa mama yake alikuwa fundi kwenye yadi za meli za mto Clyde, huko Glasgow, sensa ya 1871 yupo kwao bado kijana, ya 1891 yupo na mke na watoto wamejaa, katikati hapo 1881 kapotea kabisa. Mama mkwe mwenyewe hana presha, anasema huyo lazima alikuwa na madeni alikuwa anajificha. Nilijaribu kwanza tovuti moja ya kulipia, siitaji, ambayo ya Uskoti wana maandishi yaliyochapwa upya tu bila picha ya daftari lenyewe, kwa hiyo aliyechapa akikosea kusoma mwandiko na wewe umekwisha, huna pa kuhakikishia. ScotlandsPeople unaiona karatasi yenyewe, na hiyo peke yake inatosha kuwasamehe bei.

Sasa ujanja wenyewe ni huu: mlango wa sensa ni jina, na jina ndo kitu kibovu kuliko vyote kwenye sensa. Karani alikuwa anaandika alichosikia. Majina ya ukoo yanayoanza na Mac mengi kayafupisha akaweka M na alama ya juu, halafu karne imepita mtu mwingine kaja kuusoma ule mwandiko akaweka herufi anayoijua yeye. Umri nao ni wa kukisia, na sensa ya 1841 ndo balaa kabisa, waliovuka miaka 15 makarani waliagizwa washushe umri mpaka kwenye tano ya chini, kwa hiyo mtu wa 39 anaandikwa 35, na uhusiano wa watu ndani ya nyumba hawakuandika. Anwani ndo inayodanganya kidogo kuliko vyote, jengo lilikuwa halihami.

Anwani unaitoa wapi? Vyeti. Uskoti ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Januari 1855, na vyeti vyao ni vitamu kuliko vya Uingereza (England), cha kifo kina majina ya baba na mama wa marehemu pamoja na ukoo wa mama kabla ya kuolewa, na cha kuzaliwa kuanzia 1861 kina mpaka tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Nilitafuta mtoto yeyote wa yule mzee aliyezaliwa karibu na sensa, nikampata wa kike kazaliwa Februari 1881, na kwenye cheti mtaa na namba ya nyumba viko wazi.

Hapa kuna kitu watu wengi wanakiruka. Miji ya Uskoti nyumba zilikuwa zinapangishwa kwa mwaka mzima, na mwaka wa pango unaisha mwishoni mwa Mei, siku hiyo nusu ya mji iko barabarani na magodoro. Sensa ya 1881 ilikuwa usiku wa tarehe 3 Aprili. Kwa hiyo anwani ya Februari ina nafasi nzuri ya kuwa ndo anwani ya usiku wa sensa, lakini mtoto angezaliwa Julai ile anwani ingekuwa ya nyumba nyingine kabisa. Angalia tarehe kabla hujaamini anwani.

Nikawa na namba ya nyumba, ila sensa sikuwa na jina la kuingilia, kwa hiyo nikatoka kidogo nikaenda kwenye maktaba ya taifa ya Uskoti, National Library of Scotland, ambao wameweka mtandaoni dairektori za posta, yaani vitabu vya majina na anwani za watu wa mji, zaidi ya 700 za kuanzia 1773 mpaka 1911, bure, hata akaunti hawakudai. (Dairektori ya kwanza ya Edinburgh aliitoa Peter Williamson, jamaa aliyetekwa Aberdeen akiwa mtoto akauzwa Marekani, akarudi akaja kufungua na huduma ya barua mjini. Msome siku ukiwa na nafasi.) Ya Glasgow inatoka kila mwaka baada ya ule uhamaji wa Mei, ndo maana jalada linasoma miaka miwili, 1880-81 na kuendelea. Vibarua na mafundi wa yadi humo huwakuti sana, ni kitabu cha wenye biashara na wenye nafasi zao. Lakini mimi nilikuwa simtafuti babu mle, nilikuwa natafuta jirani. Kwenye ile namba alikuwepo fundi viatu mmoja mwenye jina la ukoo la ajabu ajabu, na hakuwekewa anwani ya pili ya nyumbani kama wanavyowekewa wenye maduka, maana yake anashona na kulala pale pale.

Nikarudi ScotlandsPeople, nikamtafuta fundi viatu kwenye sensa ya 1881, akatoka mmoja tu. Krediti 6. Ukurasa umefunguka, mwandiko umelala kulia, wino mweusi, halafu juu ya safu ya umri kuna mistari ya wale makarani wa ofisini waliokuwa wanahesabu wakipiga alama juu ya namba za watu bila huruma. Baina ya kaya na kaya kuna vimikwaju vidogo (/) pembeni, kimoja ni kaya mpya ndani ya jengo lile lile, viwili ni jengo jipya. Nimeshuka na kidole, fundi viatu, mke, wanawe, kimkwaju, mjane na binti yake, na chini ya mjane kuna wapangaji watatu: fundi wa yadi, mke wake, na kichanga cha mwezi mmoja. Jina la ukoo limeandikwa kwa M na alama ya juu, na herufi inayofuata imekorogwa mpaka kwenye faharasa imekuwa ukoo mwingine. Safu ya mwisho inasema kaya nzima ya mjane pamoja na wapangaji wake ina chumba kimoja chenye dirisha, hicho ni kipengele Uskoti walianza kuuliza 1861. Mama mkwe alivyosikia chumba kimoja alinyamaza, halafu akasema basi madeni tumwondolee.

Kumbukumbu nyingine ambayo haitumiki inavyostahili ni daftari za thamani ya majengo, kwenye menyu wameziita Valuation Rolls. Zipo za kila miaka kumi kuanzia 1855 mpaka 1915, halafu 1920, 1925, 1930, 1935 na 1940, na picha yake ni krediti 2 tu. Zinaonyesha mwenye nyumba, mpangaji, mara nyingi na kazi yake, na kodi ya mwaka. Yule mzee 1885 yumo kama mpangaji kamili, kashajitegemea. Ila ni za mkuu wa kaya tu, mtu aliyekodi kitanda kwa mjane humpati, na nyumba za kodi ya chini ya pauni 4 kwa mwaka haikuwa lazima kumtaja mpangaji, kwa hiyo maskini wa vijijini wengi wametoka kapa.

Mambo mawili ya kukuokolea krediti. Govan na Partick, miji ya yadi za meli pembeni ya Glasgow, hazikuwa sehemu ya jiji la Glasgow mpaka 1912, ukichuja kwa Glasgow peke yake watu wa yadi wa huko utawakosa wote, na baada ya kuunganishwa mitaa iliyogongana majina ilikuja kubadilishwa, kwa hiyo mtaa wa babu unaweza usiwepo kwenye ramani ya leo ingawa jengo bado limesimama. Ramani za zamani ziko maktaba ile ile, bure, na zile za miji za kipimo kikubwa zinaonyesha jengo moja moja. La pili, mwanamke wa Kiskoti kisheria alibaki na jina la kwao, akifiwa na mume unaweza kumkuta sensa inayofuata kalirudia. Mjaribu kwa yote mawili.

Sensa ya karibuni kabisa iliyofunguliwa ni ya 1921, ilitoka Novemba 2022, zinafungwa miaka 100. Na kama una safari ya Edinburgh, usichome krediti nyumbani, wana kituo chao karibu na Princes Street ambapo mi nililipa pauni 15 kwa siku nzima unafungua kurasa mpaka uchoke. Hizo za bure, dairektori na ramani, zimalize kabla hujafunga begi, uingie pale na majirani wako mkononi.